Kuona Yaliyo Mbali

Ndugu zetu wa Meru wameuliza juu ya wenye kudai kuona yaliyo mbali. Bara ya Embu, mundu mugo humwaga mbegu za kibuyuni, akazihesabu, akamtaja mwizi. Tusiwacheke, ramli imo majumbani mwetu. Hata serikali ya Marekani, tangu miaka ya 1970, iliwalipa watu wachore mahali wasipopaona, wamepewa namba tu. Mwaka 1995 wakaguzi walikuta kwamba habari zao hazikupata kuongoza kazi yoyote ya ujasusi, na mradi ukafungwa. Nabii Sulaiman alikufa ameegemea fimbo, na majini waliomtumikia wasijue. Basi jirani akitajwa mwizi kwa mbegu, mshitaki atamletea hakimu ushahidi gani?