Hesabu ya Vyumba vya Kupangisha

Bwana Mhariri amenitaka niandike somo lenye faida. Nimeonelea kuandika kosa langu mwenyewe.

Hapa Jinja, kama kule Kampala, chumba cha kupangisha huitwa kwa Kiganda "muzigo", na vikiwa vingi ni "mizigo". Ajuaye Kiswahili akisikia jina hilo hucheka. Mimi nilicheka, kisha nikajenga vinne.

Nilitumia Sh. 40,000,000, nusu akiba yangu, nusu mkopo wa chama cha kuweka na kukopa. Hesabu niliiandika nyuma ya bahasha: vyumba 4 kwa Sh. 150,000 kila kimoja ni Sh. 600,000 kwa mwezi. Mkopo wataka Sh. 450,000, basi zitabaki Sh. 150,000 za kusaidia karo ya mdogo wangu. Nilijiona bwana mkubwa.

Mwaka ulipokwisha nilikusanya risiti zote. Tazameni:

Pango la miezi 12: 7,200,000
Toa vyumba vilivyokaa vitupu: 600,000
Pango lililoingia: 6,600,000

Kodi ya serikali: 453,600
Matengenezo: 660,000
Maji: 720,000
Gari la kunyonya choo, mara 2: 300,000
Mfagiaji na takataka: 300,000
Jumla ya gharama: 2,433,600

Salio: 4,166,400

Gawanyeni salio kwa 12, mtapata Sh. 347,200. Mkopo ulitaka 450,000. Basi kila mwezi nilipungukiwa Sh. 102,800, nazo nilizitoa katika mshahara, mahali pa karo. Mdogo wangu akakaa nyumbani muhula mzima. Hakunilaumu hata neno moja, na kwa hiyo naona haya zaidi.

Sasa yashikeni mambo manne.

Kwanza, vyumba vitupu. Mpangaji akihama, mwingine haingii siku ile ile. Hesabuni miezi 11, si 12.

Pili, kodi. Katika Uganda mtu binafsi hutozwa asilimia 12 ya pango linalozidi Sh. 2,820,000 kwa mwaka, wala gharama zake haziondolewi kwanza. Kwangu mimi, 6,600,000 toa 2,820,000 ni 3,780,000. Asilimia 12 yake ndiyo 453,600. Hata kama bati limeng'olewa na upepo, kodi ni ile ile.

Tatu, matengenezo. Vitasa, bati na rangi vilikula sehemu ya kumi ya pango lililoingia, na nyumba ilikuwa mpya! Wekeni kando sehemu hiyo kila mwezi, hata mwezi usio na kazi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nne, maji. Mita ilikuwa moja, nami ndiye mlipaji, basi hakuna aliyejali kufunga bomba. Sasa kila chumba kina mita yake ndogo, na kila mtu hulipa alichotumia. Kwa hesabu ile ile, salio limepanda likawa Sh. 407,200 kwa mwezi. Bado halitoshi mkopo, lakini mdogo wangu amerudi darasani.

Labda mmoja wenu atauliza, "Mbona usiongeze pango?" Sheria ya mwaka 2022 ya wenye nyumba na wapangaji hairuhusu kuongeza zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Asilimia 10 ya 150,000 ni 15,000. Mpangaji akikasirika akahama, na chumba kikakaa mwezi mmoja, nimepoteza 150,000, yaani nyongeza ya miezi 10. Kosa la hesabu ya mwanzo halirekebishwi kwa mfuko wa mpangaji.

Simwambii mtu asijenge. Vyumba vyangu vinasimama, na mkopo utakwisha. Lakini bahasha yangu iliniambia ya kuwa Sh. 40,000,000 zitarudi kwa miaka mitano na nusu. Risiti za mwaka ule zilisema zaidi ya miaka tisa na nusu. Andikeni gharama kabla ya kununua tofali la kwanza, kisha endeleeni kuandika kila siku. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Nawatakia heri katika mitihani yenu, hasa ya hesabu.