Dawa za Saratani na Viungo vya Uzazi: Je, Vitamini Zaweza Kukinga?

Tangu miaka ya 1960, dawa iitwayo saiklofosfamidi imetumika nchini Uganda kutibu saratani ya watoto ambayo Daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958. Wako wengi waliopona. Lakini mtoto aliyepona hukua, na siku moja hutaka kuwa mzazi. Je, viungo vyake vya uzazi vimesalimika?

Dawa hii huua hasa seli zinazogawanyika upesi. Seli za saratani ni za namna hiyo, na vivyo hivyo seli za korodani zinazozaa mbegu za kiume. Ovari nazo hudhurika: msichana huzaliwa na akiba ya mayai yapatayo milioni 1 hadi 2, na yanayopotea hayarudi. Kadiri kipimo cha dawa kinavyozidi, ndivyo hatari inavyozidi.

Ini huivunja dawa hii, zikapatikana kemikali mbili. Ya kwanza huharibu DNA ya seli. Ya pili, akrolini, humaliza glutathioni, ambayo huikinga seli isidhuriwe na molekuli kali za oksijeni. Hapo ndipo lilipotoka wazo la kutumia antioksidanti, yaani vitu vinavyozuia madhara hayo, kama vile vitamini C na E.

Mwanafunzi aweza kulipima wazo hili darasani. Kata parachichi vipande viwili, ukipake kimoja maji ya ndimu. Kile kisichopakwa kitabadilika rangi mapema zaidi, kwa kuwa asidi na vitamini C hupunguza kazi ya oksijeni.

Katika panya wa maabara, vitamini E na melatonini zimepunguza madhara ya korodani na ovari. Hata hivyo, panya si binadamu; tena kinga yaweza kuifaa hata seli ya saratani. Uchunguzi uliofanywa Ufini na kutangazwa mwaka 1994, juu ya wanaume 29,133 wavutao sigara, ulionyesha kuwa waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi.

Kwa hiyo mgonjwa asimeze vidonge hivyo bila idhini ya daktari wake. Njia iliyothibitika ni kugandisha mbegu au mayai kabla ya tiba. Mwaka 2004, nchini Ubelgiji, mwanamke aliyepona saratani alijifungua baada ya kurudishiwa tishu ya ovari yake iliyogandishwa mwaka 1997.

Maswali
1. Kwa nini korodani hudhuriwa na dawa inayokusudiwa saratani?
2. Jaribio la parachichi halitufundishi nini kuhusu mgonjwa?