Somo la Kujenga: Nyumba ya Udongo Isiyoogopa Masika

Kila yanapokuja masika hupatikana habari za ukuta ulioanguka usiku watu wamelala. Asubuhi majirani hukusanyika na kutoa rambirambi, na wengi husema, "Nyumba ya udongo ndivyo ilivyo." Mwenye nyumba naye, akijaliwa kupona, huapa ya kuwa hatajenga tena kwa udongo, bali atangoja mpaka apate fedha za saruji na matofali ya kuchoma. Fedha hizo aghalabu hazipatikani upesi, na watoto wake hukua katika kibanda kilichoegemezwa magogo.

Somo letu la leo lataka kuonyesha ya kuwa maneno ya majirani wale si ya kweli. Nyumba ile haikuangushwa na udongo. Iliangushwa na maji, nayo maji yalipata njia kwa sababu mjenzi hakuyafungia. Mtu akijua njia za maji, aweza kujenga nyumba imara kwa udongo wa kiwanjani pake, kwa gharama ndogo, wala asimalize miti ya kijiji chake.

1. Je, udongo una nguvu?

Katika nchi ya Yemeni, kwenye bonde la Hadhramaut, walikotoka wazee wa jamaa nyingi za pwani yetu, uko mji uitwao Shibam. Nyumba zake zimejengwa kwa matofali mabichi, yaani udongo uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa, ukakaushwa juani bila kutiwa motoni. Hata hivyo ziko zilizopanda orofa 5, 6 na hata 7, na nyingi asili yake ni ya karne ya 16. Sehemu za juu hupakwa chokaa ili mvua isizile. Mwaka 1982 Shirika la UNESCO liliutia mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Walakini mwaka 2008 mafuriko makubwa yalipita katika bonde lile, na baadhi ya nyumba ziliharibika. Majengo yaliyostahimili jua na upepo miaka mia kadha wa kadha yalidhurika kwa maji ya siku chache. Hapo mwanafunzi na atambue adui ni nani.

2. Matofali ya kuchoma na miti yetu

Matofali yaliyochomwa vizuri ni mema, maana hayayeyuki kwa mvua. Lakini tanuri ya kijijini hula kuni nyingi mno. Huwaka usiku na mchana, na joto lake jingi hupotea hewani bure. Kijiji kikiwa na matanuri mengi, mlima wa karibu hubaki mtupu, mvua huchukua udongo wa mashamba na kuutia mtoni, na akina mama huamka alfajiri kufuata kuni za kupikia mbali kuliko zamani. Basi gharama ya tofali la kuchoma si ile aliyolipa mnunuzi tu, bali iko nyingine ambayo kijiji kizima huilipa.

Saruji nayo ina gharama yake iliyofichika. Hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo katika moto wa kadiri ya digrii 1450. Moto ule hutoa hewa ya ukaa, na mawe yenyewe yakiungua hutoa nyingine. Wataalamu wamekadiria ya kuwa katika kila sehemu 100 za hewa hiyo zitokanazo na kazi za wanadamu, sehemu 7 au 8 hutoka katika kazi ya saruji. Na hewa hiyo ndiyo izidishayo joto la dunia na kuyavuruga majira ya mvua. Hatusemi saruji isitumike. Twasema itumike kidogo, na mahali panapostahili.

3. Tofali la kushindiliwa

Iko njia ya kati. Katika miaka ya 1950 mhandisi Raúl Ramírez, akifanya kazi katika mji wa Bogotá, nchi ya Colombia, alitengeneza mashine ya mkono ya kufyatulia matofali. Udongo wenye saruji kidogo hutiwa katika kalibu ya chuma, kisha mtu huvuta mpini mrefu, na udongo hushindiliwa mpaka ukawa tofali gumu. Haihitaji moto wala mtambo wa mafuta.

Mashine za namna hiyo zimeenea katika nchi nyingi. Hapa Tanzania Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umefundisha matofali ya kufungamana, ambayo tofali moja hushika jingine kama meno, hata saruji ya kuungia ikapungua sana. Mashine moja yatosha kuhudumia jamaa nyingi kwa zamu. Kwa hiyo yafaa inunuliwe kwa ushirika, si na mtu mmoja mmoja.

4. Kuchagua udongo

Kwanza ondoa udongo wa juu wenye mizizi na majani yaliyooza, kwa maana huo ni wa shamba, haufai kujengea. Chukua ulio chini yake, uuchekeche, kisha uupime kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya chupa. Tia udongo katika chupa ya kioo, ujaze maji, utikise sana, uiweke hata kesho. Mchanga utatua chini, na mfinyanzi utakaa juu. Udongo mwema una mchanga uliozidi nusu, na mfinyanzi wa kutosha kuushika mchanga huo.

Njia ya pili ni ya kisanduku. Seremala na atengeneze kisanduku chenye urefu wa sentimita 60, upana sentimita 4, na kina sentimita 4, vipimo vya ndani. Kipake mafuta, ukijaze udongo uliolowa, uushindilie, ukianike juani siku 3. Ukikauka, usukume udongo wote upande mmoja, kisha upime nafasi iliyobaki wazi. Ikiwa nafasi haizidi milimita 12, changanya madebe 18 ya udongo kwa debe 1 la saruji. Ikizidi hapo na kufika 24, madebe 16 kwa 1. Ikifika 39, madebe 14 kwa 1. Ikifika 50, madebe 12 kwa 1. Ikizidi 50, udongo una mfinyanzi mwingi mno, utapasuka. Uongeze mchanga, kisha upime tena.

Kipimo hiki hakigharimu kitu, nacho humwokoa mtu na hasara mbili: kutia saruji kidogo na kupata tofali bovu, au kutia nyingi na kutupa fedha.

5. Kufyatua na kutunza

Changanya udongo na saruji vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo unyunyize maji kidogo kidogo. Fumbata tonge la udongo ule, uliachie kutoka kimo cha meta 1 juu ya ardhi ngumu. Likivunjika vipande vichache, maji yametosha. Likibaki zima, maji yamezidi. Likitawanyika kama unga, maji ni haba. Usichanganye mwingi kwa mara moja, kwa kuwa saruji huanza kushika upesi, na udongo uliolala saa nyingi hauna nguvu tena.

Matofali yakiisha kufyatuliwa, yapangwe kivulini, yafunikwe, yamwagiwe maji siku 7, wala yasijengewe kabla ya siku 28. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi. Huyaanika matofali juani kama mihogo, wakidhani ya kuwa yakikauka upesi yamekomaa. Saruji hupata nguvu kwa unyevu, si kwa jua. Haraka haraka haina baraka.

6. Njia nne za maji

Hata tofali jema halitaiokoa nyumba ikiwa maji hayakufungiwa njia zake, nazo ni nne.

Njia ya kwanza ni kutoka chini. Ukuta hunyonya maji ya ardhi kama utambi wa taa unyonyavyo mafuta. Kwa hiyo msingi uwe wa mawe, upande juu ya ardhi sentimita 30 au zaidi, na juu yake utandazwe mkeka wa plastiki nzito au tabaka la saruji kali, ndipo ukuta uanze. Hapa ndipo mahali panapostahili saruji.

Njia ya pili ni kutoka juu. Upenu uwe mpana, utokeze sentimita 60 au zaidi. Mtu anayefupisha upenu ili apunguze bati moja ajue ya kuwa ameupunguza umri wa nyumba yake.

Njia ya tatu ni matone yarukayo. Mvua ianguapo kutoka upenuni hupiga ardhi na kurukia ukuta, ikiula mguu wake polepole. Mwaga kokoto kuizunguka nyumba, na upande wa mvua nyingi upigwe lipu.

Njia ya nne ni maji yapitayo. Usijenge bondeni penye mkondo, hata kama kiwanja ni rahisi. Chimba mtaro upande wa juu wa nyumba, na mtaro usafishwe kabla ya masika, si baada yake.

7. Mfano wa Gando

Katika nchi ya Burkina Faso kiko kijiji kiitwacho Gando. Mwana wa mkuu wa kijiji hicho, Francis Kéré, alikuwa wa kwanza kijijini kwao kwenda shule. Akapata kusomea ujenzi Ujerumani, akarudi kuwajengea wenzake shule ya msingi. Alipowaambia itakuwa ya udongo walisita, maana waliwahi kuona mvua ikiziharibu nyumba zao. Yeye hakubishana nao sana, bali aliwaonyesha. Walifyatua matofali ya udongo yaliyotiwa saruji kidogo, na bati likainuliwa mbali na dari, upepo ukapita kati yake, vyumba vikawa na ubaridi, na upenu mpana ukazikinga kuta. Wanakijiji wenyewe walileta mawe na maji. Shule ilikwisha mwaka 2001, ikapata Tuzo ya Aga Khan mwaka 2004. Mwaka 2022 Kéré alipewa Tuzo ya Pritzker, heshima kubwa miongoni mwa wasanifu wa majengo duniani, naye ni Mwafrika wa kwanza kuipata.

Tena kujenga si mwisho wa kazi. Katika nchi ya Mali, msikiti mkuu wa Djenné, uliojengwa upya mwaka 1907, ni wa udongo. Kila mwaka watu wa mji hukusanyika na kuukandika upya, waashi wazee wakisimamia na vijana wakipanda kutani. Sisi nasi tuna methali isemayo, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Djenné wameifanya siku ya kuziba nyufa kuwa sikukuu yao.

Basi, machifu na wazee wa vijiji, msingoje mpaka ukuta uanguke. Kabla ya masika yajayo piteni nyumba kwa nyumba, mtazame misingi, penu na mitaro, na mahali palipo na mjane au mzee asiyejiweza, vijana wapewe kazi hiyo. Walimu nao, tengenezeni kisanduku kimoja shuleni, mpime udongo wa kila mtaa. Mtoto akijua leo kwa nini ukuta huanguka, kesho atajenga usioanguka.

Maswali ya wanafunzi

1. Kwa nini msingi wa nyumba ya udongo hupandishwa juu ya ardhi?
2. Udongo wa kisanduku umeacha nafasi ya milimita 30. Utatia madebe mangapi ya udongo kwa debe 1 la saruji?
3. Tazama nyumba yenu. Maji yaweza kuingia kwa njia ipi katika zile nne, nawe utaifunga vipi?