Kasoro Ndogo katika Simu Mpya: Mnunuzi Afanye Nini?

SOMO KWA WAKAZI WA KATA

Mkazi wa Mwananyamala anayenunua simu mpya, iwe katika maduka ya Makumbusho, katika Mtaa wa Aggrey kule Kariakoo au kwa muuzaji aliye jirani na nyumbani kwake, hununua kitu kikubwa kuliko chombo cha kupigia. Ndani ya simu hiyo huwamo akiba ya fedha, malipo ya wateja, ujumbe wa LUKU na kumbukumbu namba za kulipia ada na tozo za Serikali. Kwa kaya nyingi, bei yake ni jasho la miezi kadhaa.

Hata hivyo, mnunuzi anapogundua kwamba kitufe kimelegea au kioo kimeachana kidogo na fremu, mara nyingi hunyamaza. Huona haya kurudi dukani kwa jambo dogo, au huamini kwamba maneno “mali ikiuzwa hairudishwi” yamekwisha kumfungia mlango. Somo hili linaeleza namna ya kuitambua kasoro, kuitenganisha na hali ya kawaida, na kuidai haki kabla muda wake haujapita.

1. Kasoro ndogo ni ipi?

Kasoro ndogo ya uundaji ni hitilafu iliyotoka kiwandani, ambayo haizuii simu kufanya kazi lakini inapunguza ubora au maisha yake. Zinazoonekana mara kwa mara ni hizi: mwanya kati ya kioo na fremu, kitufe kinachocheza au kinachobonyezwa kwa shida, tundu la chaji lisiloshika waya, chembe ya vumbi ndani ya kioo cha kamera, nukta ya skrini isiyobadili rangi, spika inayokwaruza, na sehemu ya kioo isiyosikia mguso wa kidole.

Udogo wa kasoro usimpumbaze mnunuzi. Mwanya mwembamba ni njia ya vumbi, jasho na unyevu, na Dar es Salaam ni jiji la pwani lenye hewa ya chumvi na mvua za masika. Kinachoanza kama alama ya kuudhi macho mwezi Februari chaweza kuwa kutu ndani ya simu mwezi Mei. Wakati huo ni vigumu kuthibitisha kwamba maji hayakuingia kwa uzembe wa mwenye simu.

2. Ukaguzi wa robo saa kabla ya kulipa

Mnunuzi anayo haki ya kuitazama bidhaa, na muuzaji mwaminifu hachukizwi na ombi la heshima: “Kaka, naomba tuiwashe tuikague pamoja kabla sijalipa.”

Jambo la kwanza ni utambulisho wa simu. Piga *#06# na namba ya IMEI yenye tarakimu 15 itajitokeza; simu ya laini mbili huonyesha namba mbili. Linganisha namba hizo na zilizochapishwa kwenye boksi. Kisha tuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, ambayo ni huduma ya uhakiki ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Tarakimu 8 za mwanzo za IMEI hutambulisha aina ya simu. Kwa hiyo, jibu likitaja aina tofauti na simu iliyo mkononi, mnunuzi asilipe. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu bandia zilizimwa katika mitandao yote nchini, na waliozinunua walibaki na vyombo visivyopiga wala kupokea. Simu iliyoungwa vibaya yaweza kuwa bandia, au iliyokwisha kufunguliwa na kufungwa upya.

Baada ya hapo, kagua sehemu moja moja:

(a) Kioo. Fungua picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, nyekundu, kijani na buluu. Nukta isiyobadilika huonekana upesi. Kisha shika alama ya programu yoyote kwa kidole na uiburute taratibu juu ya kioo chote; ikidondoka mahali palepale kila mara, hapo mguso haufanyi kazi.

(b) Mwili wa simu. Pitisha ukucha polepole kuzunguka fremu. Bonyeza kidogo pembe nne. Pasiwe na mlio wala kucheza.

(c) Kamera. Piga picha ukuta mweupe kwa kila kamera. Doa linalotokea mahali pamoja katika kila picha ni vumbi au mkwaruzo.

(d) Sauti. Rekodi maneno machache na uyasikilize. Piga simu ya kweli, kisha funika kwa kiganja sehemu ya juu ya kioo. Mwanga wa skrini unapaswa kuzima.

(e) Chaji na laini. Chomeka waya na uutikise kidogo, chaji isikatike. Jaribu laini katika kila nafasi.

3. Yasiyo kasoro

Ni haki pia kumtendea muuzaji uadilifu. Mambo yafuatayo hayamwamilishi mtu kurudisha simu.

Simu iliyoandikwa GB 128 haitaonyesha nafasi yote hiyo. Kiwanda huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni 1, ilhali baadhi ya simu huhesabu baiti 1,073,741,824; kwa hesabu hiyo ya pili, GB 128 huwa takriban 119. Mfumo wa uendeshaji nao huchukua sehemu yake. Vilevile, joto la wastani siku za mwanzo, wakati simu inapakua masasisho, ni la kawaida. Mapovu ya hewa chini ya karatasi ya plastiki iliyobandikwa juu ya kioo ni hitilafu ya karatasi, si ya kioo. Na baadhi ya kamera hutoa mlio mdogo simu inapotikiswa, kwa sababu lenzi zake zimeundwa kucheza ili kutuliza picha.

4. Mwanya unaokua ni hatari

Kuna kasoro moja isiyofaa kusubiri. Mwanya uliotoka kiwandani hukaa vilevile siku zote. Mwanya unaopanuka, hasa kifuniko cha nyuma kinapoinuka au kioo kinapobenuka katikati, mara nyingi hutokana na betri iliyovimba kwa gesi ndani yake.

Namna rahisi ya kutofautisha ni kutumia karatasi ya kawaida ya fotokopi, ambayo unene wake ni takriban milimita 0.1. Igusishe kwenye mwanya bila kuilazimisha. Ikiwa leo imeingia karatasi moja na wiki ijayo zinaingia mbili, mwanya unakua. Hapo acha kuchaji, zima simu, usiikandamize wala kuitoboa, usiiweke chini ya mto wala karibu na watoto, na uipeleke kwa muuzaji au kituo cha huduma siku hiyohiyo. Betri ya lithiamu iliyovimba yaweza kushika moto.

5. Sheria inasemaje

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka sharti ambalo halihitaji kuandikwa kwenye risiti: bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo iwe na ubora unaostahili kuuzwa. Sharti hilo linamhusu mwenye biashara. Anayenunua simu kwa mtu binafsi barabarani hana kinga hiyo, hata kama bei ilimvutia.

Yapo mambo mawili ambayo wengi hawayajui. La kwanza, mnunuzi akiikagua bidhaa, sharti hilo la ubora haligusi kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuzifichua. Anayeona mkwaruzo dukani, akanyamaza na kulipa, hawezi kuulalamikia kesho. Kwa hiyo kasoro ikionekana wakati wa ukaguzi, isemwe palepale: simu ibadilishwe, bei ipunguzwe, au muuzaji aandike kwenye risiti kwamba ataitengeneza.

La pili ni muda. Mnunuzi huhesabiwa kuwa ameikubali bidhaa akisema ameikubali, akiitendea kama mali yake kwa namna isiyopatana na kuirudisha, au akikaa nayo kwa muda wa kutosha bila kumweleza muuzaji kwamba anaikataa. Akishaikubali, haki ya kuirudisha na kudai fedha zote hupotea. Hubaki haki ya kudai fidia ya upungufu. Sheria haikutaja idadi ya siku, hivyo usalama wa mnunuzi uko katika kuwahi.

Chukua mfano wa mafundi cherehani wawili wa Komakoma walionunua simu Jumamosi, na kila mmoja akagundua Jumapili kwamba kitufe cha kuwashia kimelegea. Wa kwanza alirudi Jumatatu asubuhi akiwa na risiti, boksi na simu isiyo na mkwaruzo. Wa pili alikaa wiki tano, akampa fundi wa mtaani aifungue na kutia gundi, kisha ndipo akarudi dukani. Kasoro ni ileile, lakini wa pili atajibiwa kwamba fundi ndiye aliyeiharibu, na hana cha kuonyesha kupinga jibu hilo.

Ama maneno “mali ikiuzwa hairudishwi”, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya masharti yanayokusudia kumwondolea haki alizopewa na sheria. Maandishi hayo yanaweza kumzuia aliyebadili mawazo juu ya rangi. Hayamzuii aliyeuziwa simu yenye kasoro iliyojificha.

Dhamana ya kiwanda ni jambo jingine, nayo huongezea haki hizo bila kuzifuta. Kwa simu nyingi ni ya miezi 12, ingawa chaja na vifaa vya sikioni huweza kupewa muda mfupi zaidi. Kwa kawaida haihusu kioo kilichovunjika, maji, wala simu iliyofunguliwa na fundi asiyeidhinishwa. Simu za Tecno, Infinix na itel, ambazo zote ni za kampuni ya Transsion ya China, huhudumiwa na vituo vya Carlcare. Mnunuzi wa simu ya kampuni nyingine aulize dukani kituo chake kilipo kabla ya kulipa.

6. Hatua za kufuata

Kwanza, dai risiti ya mashine ya kielektroniki (EFD). Ni wajibu wa muuzaji kuitoa na ni wajibu wa mnunuzi kuidai. Hakikisha aina ya simu imetajwa, na omba IMEI iandikwe kwenye risiti au kadi ya dhamana. Maandishi ya risiti hufifia kwa joto, kwa hiyo ipige picha siku hiyohiyo.

Pili, kasoro ikionekana, ipige picha au video kwa simu nyingine, na uandike tarehe.

Tatu, usiifungue simu, usitie gundi, usiitupe boksi.

Nne, rudi kwa muuzaji mapema, ueleze kwa utulivu, na useme unachotaka: kubadilishiwa, kutengenezewa au kurudishiwa fedha.

Tano, kabla ya kuiacha simu kwa matengenezo, hamisha picha na namba zako, toa laini na kadi ya kumbukumbu, na uondoe akaunti yako. Usimpe mtu yeyote namba ya siri ya huduma za fedha. Pokea hati yenye IMEI, maelezo ya kasoro na tarehe ya kurudi.

Aliyenunua kwa mkopo amwarifu mkopeshaji kwa maandishi siku hiyohiyo. Asisitishe malipo kwa uamuzi wake mwenyewe, kwani simu za namna hiyo huweza kufungwa kwa mbali.

7. Mfano wa barua

Muuzaji akikataa au akizungusha, barua fupi hugeuza maneno kuwa ushahidi. Andika nakala mbili, na moja igongwe muhuri au isainiwe na aliyeipokea.

Mwananyamala,
Dar es Salaam.
Tarehe ………

Meneja,
Duka la ………

YAH: KASORO KATIKA SIMU ILIYONUNULIWA TAREHE ………

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe ……… nilinunua dukani kwako simu aina ya ………, IMEI ………, kwa shilingi ………, risiti namba ……… Tarehe ……… niligundua kasoro ifuatayo: ……… Simu haijaanguka, haijaingia maji wala kufunguliwa.

Naomba nibadilishiwe / nitengenezewe / nirudishiwe fedha ndani ya siku ……… tangu kupokea barua hii. Nimeambatanisha nakala ya risiti na picha.

Wako,
(Jina, sahihi na namba ya simu)

8. Pa kwenda usipopata jibu

Tume ya Ushindani (FCC) hupokea malalamiko ya walaji na hushughulikia pia bidhaa bandia. TCRA, ambayo ofisi zake zipo Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma, inahusika na simu zisizokidhi viwango na masuala ya IMEI. Muuzaji anayenyima risiti aripotiwe Mamlaka ya Mapato Tanzania. Kila ofisi itauliza vitu vilevile: risiti, IMEI, picha na nakala ya barua. Asiye na vitu hivyo huanza safari akiwa amechelewa.

9. Maswali ya kujipima

(i) Mnunuzi aliona chembe ya vumbi kwenye kamera akiwa dukani, akanyamaza na kulipa. Nafasi yake ya kulalamika ikoje?

(ii) Kwa nini mwanya usiobadilika na mwanya unaopanuka havishughulikiwi kwa namna moja?

(iii) Je, risiti ya simu uliyonayo sasa iko wapi, na maandishi yake bado yanasomeka?