Mlamba Akiwa na Kiota Mwembeni

Ni nadra kupata ua mjini Arua, Uganda, usio na mwembe, na mwembe haukai sana bila mlamba. Kwa miezi mingi ndege huyu hana neno na mtu. Hutulia tawi la juu, hushuka kudaka panzi, hurudi palepale. Halafu, mvua za kwanza zikikaribia, mama mwenye nyumba anatoka na beseni la nguo asubuhi, na kitu kinamvumia nyuma ya sikio. Akigeuka, haoni kitu. Akiinama kuchukua shati, anapigwa utosini.

Mshambuliaji ni mweusi, mkia umegawanyika panda, jicho jekundu, uzito wake gramu 50 hivi.

Wengi hapo humtuma mtoto alete manati. Inasikitisha, kwa sababu ugomvi huu mwisho wake unajulikana. Juu, kwenye panda ya tawi la pembeni, kuna kiota chepesi kama kisosi, kilichofungwa kwa utando wa buibui, chenye mayai 2 hadi 4. Kuatamia huchukua majuma 2 na siku kadhaa, na makinda hukaa kiotani muda unaokaribia huohuo. Anayemvumilia mlamba anamvumilia mwezi mmoja na siku chache, basi.

Lakini mwezi huo una namna yake ya kupitishwa, na jambo la kwanza ni kutochungulia kiota. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walichapisha jaribio juu ya mokingibadi, ndege wa kwao anayeiga sauti na kulinda kiota kwa ukali kama mlamba. Mtu mmoja alikiendea kiota siku 4 mfululizo, kila mara akikaa hapo nusu dakika tu na kukigusa. Kila siku ndege alimwondokea kiotani mapema zaidi na kumvamia kwa ukali zaidi. Siku ya 5 akaja mtu mwingine kwa namna ileile, na ndege akamchukulia kama mgeni wa siku ya kwanza. Wanafunzi wengi wa chuo hicho walikuwa wakipita karibu na viota hivyo bila kusumbuliwa: adui alikuwa mmoja, na alijulikana.

Mwandishi wa makala haya aliamini habari hiyo baada ya kupanda ngazi mwembeni, uani kwake Arua, ili kuhesabu mayai. Tangu siku hiyo alisindikizwa kwa mabawa kila alipotoka mlangoni, mpaka makinda yaliporuka. Jirani aliyekuja kuteka maji, njia ileile na saa ileile, hakuguswa hata mara moja.

Kamba ya nguo ihamishwe siku ya shambulio la kwanza, hata kama ni hatua 10 tu upande wa pili wa ua. Asiyeweza kukwepa njia ya chini ya mti avae kofia pana au afungue mwavuli, atembee polepole, na amtazame ndege usoni, kwa kuwa mlamba hupenda kupiga kutoka nyuma. Kupogoa matawi kungoje. Kinda likianguka, liwekwe kwenye tawi la karibu, mbali na paka. Wazazi wataendelea kulilisha, maana si kweli kwamba wanalikataa likishikwa na mtu.

Wafuga kuku wana sababu ya ziada ya kuvumilia. Mwewe akizunguka juu ya ua wenye vifaranga, mlamba mwenye kiota humwendea angani, humdonoa mgongoni na kumfukuza mpaka ng'ambo ya paa. Hamlindi kuku, analinda wanawe, ila kifaranga kinapona vilevile.

Masikio nayo yana kazi, kwa kuwa mlamba hudanganya kwa sauti. Ndugu yake wa jangwa la Kalahari alichunguzwa kwa miaka na mtafiti Tom Flower, na matokeo yaliyotoka mwaka 2014 yalionyesha kwamba ndege hao huiga milio ya hatari ya ndege na wanyama wengine. Nguchiro husikia mlio, hukimbilia shimoni, na mlamba hushuka kuchukua mdudu waliyemwacha. Wakiuzoea mlio mmoja, mlamba hutumia mwingine.

Hasara ipo, na isifichwe. Eneo la West Nile, lenye miji ya Arua na Koboko, linajulikana kwa asali, na mlamba hula nyuki. Mfuga nyuki wa upande wa Koboko asiweke mizinga mbele ya mti wenye tawi kavu lililo wazi, kwa sababu hapo ndipo mlamba atakapokaa akiwadaka wanaporudi mmoja mmoja. Kulikata tawi hilo wakati wa kiangazi, kabla ya viota, kunatosha. Miezi hiyo milamba wengi wako kwenye moto wa nyasi kando ya barabara ya Arua na Koboko, wakidaka panzi wanaokimbia moshi.

Mvua zikishakolea, kumbikumbi hutoka ardhini jioni. Watoto hukimbilia mabeseni, na juu yao kwenye mwembe hukaa milamba wachanga, mikia bado mifupi, wakifungua midomo huku mama yao akidaka kumbikumbi mmoja baada ya mwingine. Kamba ya nguo imesharudi shinani.