Uuguzi ni Fardhi Kifaya: Je, Ada Alipe Nani?



Tangu nianze shahada ya uzamili ya uuguzi hapa Dar es Salaam, ndugu wa jumuiya yetu wananiuliza maswali mawili yale yale: ada unaitoa wapi, na ukimaliza utapata kazi? Ni maswali ya haki. Wapo wanaoyajibu kwa neno moja tu, kwamba nia ikiwa njema Allah atafungua njia. Nami naamini hivyo. Lakini aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul-Baqara, inazungumzia deni: liandikwe, liwe na muda maalumu, liwe na mashahidi. Dini iliyoipa karatasi ya deni nafasi kubwa namna hiyo haitutaki tuingie chuo tumefumba macho.

Imam al-Ghazali, katika Ihya Ulumid-Din, aliuhesabu utabibu miongoni mwa elimu za fardhi kifaya, kisha akalalamika kwamba ipo miji isiyo na tabibu Muislamu ilhali watu wanasongamana kwenye fiqhi. Hoja hii tunaipenda sana kwenye semina za kuwahamasisha vijana wasome sayansi, ila huwa tunaishia njiani. Fardhi kifaya ni wajibu wa jamii nzima. Wakipatikana wa kutosheleza, wote wamesalimika. Wasipopatikana, dhambi inawaenea wenye uwezo wote. Sasa, ikiwa dhambi ni ya wote, vipi ada iwe ya mmoja?

Niseme ya kwetu. Natoka Nchelenge, ukingoni mwa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Nimefanya kazi ya uuguzi huko miaka minne. Malaria haitupi likizo. Tangu 2018 wilaya ina makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wengi wao Wakongo, na Kiswahili cha nyumbani kilinifaa sana nikiwa nao. Mama mjamzito wa kisiwa cha Kilwa (si Kilwa ya Lindi, wala mji wa Kilwa ulio upande wa Kongo) huvuka maji kwa boti kuja hospitali, na upepo ukichafuka hungoja. Mahali kama hapo mkunga mwenye ujuzi wa juu si pambo.

Familia yetu inaishi kwa kuuza samaki. Kila mwaka uvuvi hufungwa kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na hakuna mwenye akili anayeipinga sheria hiyo. Ila kwa miezi hiyo mitatu nyumbani hakuna fedha ya pale wala ya chisense, ambao ndio dagaa wetu, na chuo hakijui habari za ziwa.

Kuhusu kazi, tuseme ukweli. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitaja nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa wahudumu wa afya. Tanzania, Uganda na Zambia zimo. Hata hivyo katika nchi hizo hizo wako wauguzi wenye vyeti waliokaa nyumbani. Mgonjwa ndiye anayemhitaji muuguzi, lakini anayemwajiri ni bajeti. Zambia ilishindwa kulipa deni lake la nje Novemba 2020. Mwaka 2022 serikali ikaajiri wahudumu wa afya zaidi ya 11,000 kwa mkupuo. Mlango unaofungwa na kufunguliwa namna hiyo huwezi kuukopea.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, aliyemaliza shahada ya kwanza na hajaajiriwa asikimbilie uzamili akidhani cheti kikubwa kitaivuta kazi. Nafasi zinazodai uzamili, kama kufundisha vyuo vya uuguzi au kusimamia huduma za kibingwa, ni chache, na aghalabu hutaka uzoefu wa wodini kwanza. Aliye kazini aombe ruhusa ya masomo na asiiachie nafasi yake. Mimi nimefanya hivyo, kwa sharti la kurudi kutumikia, na sharti hilo naliona ni bima kuliko kifungo.

Mikopo ya benki naiacha kando. Riba yake haina utata. Za serikali zinatofautiana. Tanzania ilifuta mwaka 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo wa wanafunzi, na Kenya hutoza riba ya asilimia 4. Soma mkataba wako mstari kwa mstari, kisha umpelekee sheikh wako mkataba wenyewe, usimpelekee muhtasari wako.

Hapo ndipo jamii inapotakiwa kujitokeza. Aya ya 60 ya Suratut-Tawba inawataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahiki zaka. An-Nawawi, katika madhehebu yetu ya Shafi, ameruhusu zaka kwa anayeweza kuchuma lakini ameshughulishwa na elimu ya sharia. Wanazuoni wa zama zetu wakapanua ruhusa hiyo kwenye elimu nyingine zenye manufaa. Basi kamati za misikiti zisituambie zaka ni unga na mchele wa Ramadhani tu. Bibi Rufaida al-Aslamiyya aliwauguza majeruhi wa vita vya Khandaq ndani ya hema lililopigwa katika msikiti wa Mtume (s.a.w.). Ujuzi ulikuwa wake, uwanja ulikuwa wa umma.

Napendekeza jumuiya yetu iorodheshe kwa siri wanachama wanaodaiwa ada na kuipeleka orodha kwa kamati za zaka kabla ya Shaaban, maana Ramadhani ikishaingia fedha huwa zimeshagawiwa. Mimi kwa sasa nimemkopa mjomba. Karatasi imeandikwa kwa kwacha, bila nyongeza, na mashahidi wawili wa msikitini kwetu wametia saini. Malipo ya kwanza ni mwezi wa tatu baada ya kurudi kazini, ziwa likiwa limefunguliwa.