Dondoo muhimu: Kompyuta inapofuata mwendo wa kamera

Unataka kusimamisha bango la kubuni kando ya barabara halisi, na lisiteleze kamera inaposogea? Programu kama Blender, Nuke na After Effects hukokotoa njia iliyopita kamera kwa kufuata alama ndogo za picha, fremu kwa fremu. Maandalizi ni yako.

Sogea na kamera. Ukiizungusha tu juu ya stendi, vitu vya karibu na vya mbali huhama pamoja, na programu haina namna ya kupima umbali. Usivute zumu katikati ya shoti.

Ukifungua programu, ingiza vipimo vya lenzi na upana wa sensa kwanza.

Safisha alama. Hapa ndipo wengi huharakisha. Programu hushika chochote chenye kona kali: mpita njia, bodaboda, mng'ao kwenye kioo cha gari. Vyote vina mwendo wake. Vizibe kwa maski. Hatari zaidi ni kona ya uongo, pale nguzo ya karibu inapokatiza ukingo wa paa la mbali: kwa macho ni kona safi, kumbe haipo popote.

Pima kosa. Blender huhitaji angalau alama 8 zinazoonekana katika fremu zote mbili za msingi, zile inazoanzia hesabu. Wastani wa kosa, yaani pengo kati ya alama ilipo kwenye picha na pale hesabu inapoiweka, ukizidi pikseli 1, futa alama mbovu, kokotoa upya. Ila namba ndogo isikulevye: weka mchemraba ardhini, cheza video, uone kama unateleza.